Jina Letu Halikupinda

Mdogo wangu Jilo,

Salamu zikufikie hapo kijijini Hewani, wewe, mkeo Esta, na huyo mgeni wenu mchanga ambaye bado sijambeba. Goti la Mama linaendeleaje? Mto umeshuka, au bado mnavuka kwa mtumbwi kwenda shamba? Mimi ni mzima, ila mikono imepasukapasuka kwa baridi na kunawa, maana katika nyumba hii ya wazee ninakofanya kazi tunanawa kila tukimgusa mtu. Nalala vizuri na unga wa ugali naupata, kwa hiyo usinionee huruma. Leo nimekaa kukuandikia nikiwa na hasira, na hasira yenyewe naifurahia. Ni muda mrefu sijapata hasira iliyo safi namna hii.

Utajiuliza kwa nini karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu wewe husema "sawa dada", mtandao unakatika, kisha unafanya ulivyotaka. Ujumbe wa sauti nao unausikiliza dukani mbele ya watu, na jua halijatua Mzee Buya anazo habari zote. Barua hii anakuletea binti wa mchungaji wa kanisa letu anayekuja likizo. Isome ukiwa na Mama, mlango mmefunga.

Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu ulinipa habari mbili kwa pumzi moja. Ya kwanza, kwamba chifu amepanga siku ya kusikiliza kesi ya shamba letu la mtoni, na wewe unafikiria kumwachia Mzee Buya ile sehemu ya juu ili mkae kwa amani. Ya pili, kwamba siku ya ubatizo mtoto hutampa jina la Pinda, ili asichekwe shuleni kama tulivyochekwa sisi. Ukasema jina lenyewe limetushinda. Mimi nikanyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali.

Nataka ukumbuke kwanza, halafu nitakueleza nilichokipata huku. Huyu Buya tumepakana naye shamba kwa shamba tangu enzi za babu. Tangu tukiwa wadogo, akituona njiani alikuwa akiwaambia wenzake wakae pembeni, akina Pinda wanapita, njia isije ikapinda. Alisema babu yetu Dhadho alipinda mpaka wa mashamba, akala shamba la watu, na ndiyo maana akaitwa Pinda. Ulikuwa mzaha wa kijijini, watu wanacheka na kuendelea na kazi. Kisha mafuriko yakaja, yakang'oa mikoma iliyokuwa alama ya mpaka, na ule mzaha ukageuka ushahidi. Sasa anausema mbele ya chifu kwa uso mkavu: jina lao lenyewe linakiri.

Na siku tulipomzika Baba, aliomba neno kama jirani. Nilikuwa nimemshika Mama mkono. Buya akavua kofia, akatazama jeneza, akasema, "Leo ndugu yetu Pinda, Mungu amemnyoosha."

Watu walicheka, Jilo. Hata waliokuwa wakilia walicheka. Nilihisi mwili wa Mama unatikisika, na mpaka leo sijui kama ni kilio au ni nini, na sijawahi kuthubutu kumuuliza. Wewe ulikuwa unatazama miguu yako. Sikulaumu, ulikuwa mdogo. Lakini kicheko kile nilikipakia na nguo zangu nikaja nacho Uingereza, na kila mwaka nakitoa nakikung'uta vumbi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa sikiliza. Katika nyumba hii yupo bibi mmoja, mkali, masikio mazima, miguu ndiyo imekataa kazi. Siku ya kwanza nilipomletea chai alisoma kibandiko cha jina kifuani kwangu, Rhoda Pinda, akakunja uso. Akaniambia, waliokuandikia hawajui kuandika, jina letu linaishia kwa herufi mbili, si moja. Akataka kalamu anirekebishie. Nikadhani ni uzee. Nikamwambia ni jina la kwetu, la Tana. Akauliza hiyo Tana iko upande gani, maana akina Pinder wa bondeni ni watu, lakini wale wa milimani ni wezi wa kondoo na yeye hawasalimii.

Nikatazama mlangoni kwake, na kweli, limeandikwa hapo: Pinder.

Bibi huyu akianza habari za ukoo wake, chai inapoa. Jina hilo, anasema, kwao ni huku kaskazini, na hata huku ni la vijiji vya kuhesabika. Ukishuka kusini kwenye mji wao mkuu watu wanakuomba ulitaje herufi moja moja, hawajalisikia. Makaburini huku ndiko limejaa, mawe yameota ukungu, Pinder baada ya Pinder. Kisha akasema liko tele pia katika visiwa vya Bahama, kwa watu wa rangi yangu. Akasema lilisafiri. Mimi najua majina ya watu hawa yalivyosafiri hadi visiwani, na yalisafiri juu ya migongo ya nani. Niliendelea kusukuma kiti chake cha magurudumu, maana kazi ni kazi.

Lakini siku moja nikamuuliza jina lenyewe lina maana gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maana ya mkate. Pinder ni kazi, akasema. Zamani kila kijiji cha huku kilikuwa na zizi la mawe. Ng'ombe au mbuzi wakiingia mashamba ya watu, kulikuwa na mtu aliyechaguliwa kuwakamata na kuwafungia humo mpaka mwenyewe aje atoe faini. Mtu huyo ndiye pinder. Watoto wake wakaitwa kwa kazi yake, na wajukuu, mpaka mazizi yakavunjika na jina likabaki.

Nilikuwa na kijiko cha uji mkononi. Nilikishika hivyo hivyo mpaka akaniuliza kama ninampa au ninamwonyesha.

Jilo, kila mtu Hewani anajua babu Dhadho alikuwa mlinzi wa zizi. Mama alitusimulia mara ngapi? Yule mzungu aliyesimamia mashamba alijenga zizi la magogo kwa ajili ya mifugo inayokula mazao, akamweka babu hapo. Na kila ng'ombe waliposwagwa kuingia, mzungu alicheka na kumwita Pinda, Pinda, na hakuna aliyejua anachekea nini. Alikuwa anachekea kwao. Alikuwa amekumbuka zizi la mawe la kijijini kwake. Alimwita babu kwa kazi yake, kwa Kiingereza cha kwao, na masikio yetu yakasikia kilichokuwamo kwenye Kiswahili. Asiyejua maana haambiwi maana, na sisi tumetukanwa vizazi vitatu kwa neno ambalo hata si letu.

Sikuamini haraka. Nilimwomba bibi anionyeshe zizi, nikamsukuma siku ya mapumziko yangu mpaka mwisho wa kijiji. Lipo. Ukuta wa mawe unaonifika kifuani, ndani majani ya kuwasha kama upupu. Bibi akanionyesha nafasi ya lango, akasema babu zake walikuwa hawamfungulii mtu mpaka asimame hapo nje, amwite mlinzi kwa jina, na aseme mifugo yake imekula shamba la nani.

Jilo, hiyo hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya babu. Nadhani mzungu ndiye aliyemfundisha. Muulize Mama, atakwambia. Na muulize tena habari za mbuzi, maana nilimpigia simu nikamuuliza, akacheka mpaka akakohoa. Anasema, kama bibi yetu, mke wa Dhadho, alivyomsimulia, ng'ombe wa wafugaji Waorma waliingia zizini na kutoka, wenyewe walikuja, wakaita, wakatoa faini, wakaenda. Waliokuwa wapangaji wa kudumu ni mbuzi wa babu yake Buya. Siku moja mzee huyo alikataa katakata kumwita babu kwa jina. Alikaa langoni kutwa nzima mbuzi wakilia, na jua lilipozama alisimama, akatema mate, akasema, "Wewe si Pinda, wewe umepinda." Basi ndilo hilo. Hakuna mpaka uliopindwa. Tusi lote limezaliwa na mbuzi wasio na adabu na mtu asiye na haya.

Sasa nitakuambia la kufanya, na usiniambie sawa dada.

Siku ya mnada wa ng'ombe nenda Garsen, umtafute Mzee Barisa. Unamkumbuka, yule mzee wa Kiorma aliyetusimamisha pale sokoni tukiwa na Baba, akamshika Baba mkono muda mrefu. Sisi tuliogopa, maana nyumbani tuliambiwa wafugaji ni maadui. Akasema, "Nyinyi watu ya Pinda. Babu yenu alifunga ng'ombe yetu, lakini alipea maji. Ng'ombe ilitoka tumbo imejaa. Mimi nilikuwa kijana, niliona." Ndiyo ajabu ya dunia, mfugaji aliyefungiwa ng'ombe anatutunzia jina jema, na jirani tunayeshiriki naye meza ya Bwana analitia matope.

Mzee Barisa alikuwa akifuatana na baba yake kuja kukomboa ng'ombe, kwa hiyo anapajua zizi liliposimama. Zizi lilikuwa ndani ya shamba la babu, na Mama anasema ni pale pale juu, ambapo Buya sasa anasema ni kwake na ameshapanda migomba. Nenda kwa heshima. Kaa chini, mwulize hali ya mifugo, mvua, wajukuu, kunywa chai yake yote, ndipo useme shida yako. Akikubali, mtafutie gari, usimbebe kwa bodaboda na umri ule.

Mbele ya chifu usiwe na haraka. Mwache Buya aseme kwanza. Mwache aseme ule mzaha wake, hawezi kujizuia, na watu wacheke, wacheke vizuri. Wewe tulia. Nataka kicheko kifike mwisho kabisa. Ndipo usimame ueleze Pinda ni nini, zizi, lango, mbuzi na yule mzee aliyetema mate. Ulieleze taratibu kama unawaeleza watoto. Kisha Mzee Barisa ainuke akaonyeshe kwa fimbo yake zizi liliposimama. Na yakiisha yote, muulize Buya mbele ya watu walewale waliokuwa makaburini, aliyekuwa amepinda ni nani. Nimeifikiria siku hiyo nikiosha vyombo, nikitandika vitanda, na nikiwa kanisani, Mungu anisamehe.

Mchungaji atakuambia tusamehe. Mwambie dada amesikia, na atasamehe, ila kwa zamu. Aibu inatangulia, msamaha unafuata.

Na ile sehemu ya juu usimpe hata shina moja la mgomba. Chifu akishaamua, jenga zizi pale pale, hata la miiba. Mbuzi wake bado wanaingia kwenye mahindi yetu, Esta ameniambia. Wakiingia tena, wafungie. Usiwapige. Wape maji na majani, watoke matumbo yamejaa kama wa babu. Buya atakuja, atasimama langoni, atasema ewe kijana nifungulie. Usifungue. Atasema ewe mtoto wa fulani, ataita Jilo, atazunguka kote huko. Usifungue mpaka aseme shamba ni la nani, na mwenye zizi anaitwa nani.

Mtoto mbatize kwa jina zima. Na mkimwandikisha, liandikeni kama lilivyo, lenye herufi a mwishoni. Yule bibi wa hapa anataka nilirekebishe kila asubuhi, nami namwambia tumelivaa miaka mingi likatukaa mwilini, herufi zake abaki nazo.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya goti nimempa binti wa mchungaji. Msalimie Esta, na shangazi wa Garsen anayeuza chai stendi, na mjomba fundi mtumbwi, na mwalimu aliyetukataza kupigana shuleni, mwambie sasa napigana kwa barua. Mzee Barisa mpe mkono kwa niaba yangu, mikono miwili. Mzee Buya usimpe salamu yoyote.

Ila siku atakapokuja langoni, nipigie simu, kisha uiweke mfukoni bila kusema kitu. Hata nikiwa kazini nitapokea. Nilimsikia akilitaja jina hilo juu ya jeneza la Baba, nataka nimsikie akilitaja akiomba.

Ni mimi dada yako,
Rhoda Pinda