Kioo cha Clive, Fimbo ya Haydn

Jumatatu, 4 Novemba

Wewe uliyevunja kioo cha pembeni cha gari langu, huna haya! Umevunja, ukaenda zako, hata kikaratasi hukuacha. Mtu aliyelelewa huacha karatasi kwenye waipa — jina, namba ya nyumba, samahani. Mtaa huu wa Rhiw wote tunafanya hivyo. Hata mlevi wa namba tisa aliwahi kuacha, na alikuwa ameandika kwa wanja wa mkewe.

Kioo kimening'inia kwa waya kama jino la mtoto. Nimekifunga kwa selotepu. Nimeona leo tu nilipokwenda kumwaga takataka. Na mimi nakunja vioo vyangu kila nikiegesha! Sote tunakunja. Magari yamejaa huku na huku, katikati inapita sahani.

Ni jirani yangu Clive. Nani mwingine ana gari kubwa kama ghala? Fundi bomba mmoja, gari la watu ishirini.

Bahasha ya leseni ya udereva nayo imefika. Januari natimiza sabini na sita, kwa hiyo wanauliza tena, kama kila miaka mitatu tangu nifike sabini: unaona vizuri? Una kifafa? Unajijibu mwenyewe, unaweka alama, unatuma. Mara mbili nimeweka alama huku nakunywa chai. Naona! Miaka hamsini na mbili naendesha, sijagusa hata paka.

Jumanne, 5 Novemba

Kwa dada yangu Gwladys, kwenye nyumba ya wazee. Jumanne na Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe. Maili kumi na moja juu ya mlima na kushuka. Basi waliliondoa mwaka juzi. Ukitaka kwenda bila gari unapanda mabasi matatu, unafika wenzako wanalala.

Amekula. Pudini ya wali yote, na viazi nusu. Wauguzi wanasema kwao hafungui mdomo, anafunga kama pochi. Hula kwa mkono wangu tu. Ile wiki ya mafua yangu alipungua ratili saba. Ratili saba! Mwanamke mwenyewe ana mwili wa ufagio. Leo ameniuliza kama mama amerudi kutoka sokoni. Nimemwambia bado, kula kwanza.

Njiani shimo jingine. Kishindo mpaka meno yakagongana. Halmashauri wana pesa ya vibao vya mwendo wa maili ishirini kila kona, ya kifusi hawana. Na taa mpya walizoweka barabarani ni za kipuuzi, kila moja ina duara la ukungu kama mwezi wa mvua. Nani amezinunua hizo?

Lakini niseme jema: watu wamepata adabu. Watatu leo wamenimulika taa nipite. Mmoja pale kanisani, mwingine darajani, mwingine sijui wapi. Nami nikapita, nikawainulia mkono wa asante kila mmoja. Zamani walikuwa hawakupishi hata ukiwa na jeneza. Haydn pia, pale shuleni saa tisa na robo, na lile koti lake la njano na fimbo yake yenye kibao cha duara ya kuvushia watoto. Ameniinulia fimbo, nami nikampungia. Tulisoma darasa moja na Haydn. Alikuwa analia akiona konokono.

Fataki usiku huu, kama kila tarehe tano Novemba. Mbwa wa jirani Maureen atakufa kwa hofu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemwendea Clive kabla hajamaliza mkate wake. Nikamwambia, wewe mtoto wa Beryl, mama yako angekuwa hai angekuvuta sikio. Lipa kioo changu.

Akauliza kioo gani. Nikamwonyesha.

Akatazama gari. Akatazama ukuta wa nyumba yangu. Akatafuna. "Bi Eirwen, hiki ni kioo cha upande wa ukutani. Mimi nilipita wapi, kwenye dirisha lako?"

Nikasema basi ulipita kwa miguu na mabomba yako begani!

Akacheka! Akasema na chake kimevunjwa, nije nione. Kweli, cha upande wa barabarani, kimebaki kikombe kitupu. Nikamwambia hiyo ni dunia inakulipa. Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama, ungekuwa unatazama unakopita vioo vyote viwili vingekuwa vizima. Nikageuka nikaondoka na kichwa changu juu.

Mwanangu Menna kapiga simu kutoka Bristol. Mama, uza gari. Kila simu, uza gari, kama wimbo wa kanisa. Nimemwuliza, na mama yako mkubwa atalishwa na nani, na wewe? Nikamkatia.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Maureen wa ng'ambo ya barabara ana kengele ya mlangoni yenye kamera, mwanawe alimwekea. Nikaenda nimkamate Clive kwa ushahidi. Maureen akaweka chai, akavaa miwani, akasogeza sogeza kwenye simu. Paka. Mleta barua. Paka. Tukafika Jumamosi, saa nane mchana.

Gari dogo la bluu linakuja taratibu. Linakwangua gari la Clive — kraa! — sauti imo kabisa. Kioo cha Clive kinaruka kama chapati. Cha gari la bluu kinaanguka kikaning'inia. Gari linasogea mbele, linaegeshwa vizuri sana. Anashuka mwanamke. Anafunga mlango. Anapitia nyuma ya gari, anarekebisha skafu. Anaingia ndani.

Skafu yangu ya kijani!

Nikasema rudisha. Akarudisha. Kraa! Nikasema rudisha tena. Maureen akaweka simu mezani.

"Shoga, hata ukirudisha mara mia, ni wewe."

Nilikuwa na redio, kwaya ilikuwa inaimba. Sikusikia! Sikuona! Mimi! Nikamwambia Maureen asimwambie mtu. Akasema, "Mimi sisemi. Kamera ndiyo imeshasema."

Nimekwenda kwa Clive moja kwa moja, koti sikuvaa. Nimesema ni mimi. Maneno mawili, yalitoka kama miiba.

Akasema anajua. Rangi ya bluu iko kwenye mlango wa gari lake tangu Jumamosi, alikuwa ananingoja tu. Nikamwuliza mbona uliniacha nikutukane? Akasema, "Ulivyokuwa umepandisha hasira, bibi, nani angekukatiza?"

Kisha akaacha kucheka. Akasema yule aliyenimulika taa Jumanne pale kanisani ni yeye.

Nikasema ndiyo, asante, ulinipisha.

"Sikukupisha! Ulikuwa katikati ya barabara unanijia! Nilikuwa nakuomba urudi upande wako. Nimepanda ukingo na tairi mbili, na wewe unanipungia mkono kama malkia."

Mimi!

Na wale wengine wawili?

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekwenda kwa Gwladys. Ndiyo, nimekwenda. Redio nimezima, nilijiambia kosa lilikuwa la redio. Maili kumi na tano kwa saa, foleni nyuma yangu kama harusi. Hakuna aliyenimulika. Nikajisema, unaona, ilikuwa redio tu. Gwladys amekula supu yote. Nimerudi mapema kabla shule haijatoka.

Saa kumi kamili mlango ukagongwa. Haydn. Koti la njano bado mwilini, kofia mkononi. Nikamwambia ingia, futa miguu. Hakuingia.

Akasema, "Eirwen, Jumanne ulinipita."

Nikasema uliniinulia fimbo, Haydn. Nilikuona.

Akasema fimbo ikiinuliwa ni simama. Tangu tuzaliwe ni simama. Watoto wawili walikuwa wameshashuka barabarani, wale wajukuu mapacha wa Beryl — watoto wa Clive, yaani. Akawavuta kwa kofia za makoti. Kofia moja imechanika mshono.

"Na wewe ukanipungia mkono, dada."

Nilishika fremu ya mlango. Sikuona watoto. Niliona koti la njano na mkono wa kirafiki. Watoto sikuwaona kabisa!

Na Clive jana aliongea nami habari za kioo! Haydn akasema Clive hajui. Watoto walidhani ni mchezo. Lingekuwa gari la mtu mwingine, namba angeiandika siku ile ile na kuipeleka polisi, ndiyo sheria. Yangu hajaipeleka. Siku tatu hajalala.

Nikampandishia sauti — nifanye nini, ndio mdomo niliopewa. Nikamwambia macho yangu mazima, twende nje nikuonyeshe. Akaweka kofia kichwani. Akahesabu hatua ishirini na nne kutoka gari la Clive, maana hatua zake fupi na sheria ya udereva inataka usome kwa mita ishirini. Akasema soma namba ya gari. Nikaanza la kwangu. Akasema, si hilo, hilo unalijua kwa moyo. Lile pale. Kibao cha nyuma.

Niliona njano. Njano tupu, kama siagi kwenye mkate.

Nikasema mwanga umepungua. Yeye akakisoma chote, herufi na namba, na yeye ndiye mkubwa kwangu kwa miezi minne. Nikasogea. Nikasogea tena. Nilikisoma nikiwa ningeweza kukigusa kwa mwavuli.

Haydn akatazama viatu vyake. Akasema Jumatatu atakuwa pale na fimbo yake. Akiniona nyuma ya usukani, ataandika. Asiponiona, hana la kuandika.

Jumamosi, 9 Novemba

Sikutoka.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya kanisa nilimwambia Clive habari ya watoto. Haydn alisema nisimwambie, si lazima. Lazima! Vioo nimekiri, nitaficha watoto?

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake. Kisha akaingia ndani, nikasikia akiwaita wale mapacha kwa majina yao, wote wawili, bila sababu.

Jioni akaja. Akasema mpima macho atanipokea Alhamisi, ameniwekea nafasi mwenyewe kwenye mtandao. Ni bure kwa umri wangu, na mimi miaka tisa sijakanyaga! Nilikuwa nawacheka wenzangu wanaokwenda kila mwaka. Akasema mama yake, Beryl, naye alikuwa anaona duara kwenye taa, ni mtoto wa jicho, walimtoa, akaanza kuona vumbi kwa kila mtu. Kwa hiyo taa za halmashauri ni nzima. Ni mimi.

Nikamwuliza Jumanne je? Gwladys je? Teksi ya Bryn, ndiyo pekee tuliyo nayo hapa, Jumanne inapeleka watu wa figo hospitali. Clive akasema ana kazi upande ule, atanichukua saa nne na nusu. Nikamwuliza kwa nini anichukue mtu kama mimi. Akasema, "Ili nikuone umekaa upande wa abiria."

Fomu ya leseni iko mezani chini ya chupa ya sukari. Hawamuulizi Haydn. Hawamuulizi Clive. Wananiuliza mimi tu, unaona? Na kisanduku ni kidogo, alama moja tu. Sijaweka.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekwenda dukani kwa miguu. Nimepita shuleni kusudi, saa tisa na robo. Haydn aliinua fimbo, magari yakasimama, akanivusha pamoja na watoto. Mtoto mmoja aliuliza kama mimi ni mwanafunzi mpya.

Kofia iliyochanika nimeiona. Imeshonwa kwa uzi usio wake. Nimeagiza waniletee niishone upya.

Jumanne, 12 Novemba

Saa tano na dakika kumi. Clive hajaja.

Nimepiga simu mara nne. Haipokelewi, atakuwa chini ya sakafu ya mtu na mikono imejaa maji. Nimepiga kule kwa Gwladys. Binti wa zamu akasema hakugusa uji asubuhi, anatazama mlango tu. Chakula cha mchana saa sita kamili. Nikasema mcheleweshee. Akasema, tutajaribu, mama. Tutajaribu!

Pudini iko kwenye taulo, bado ya moto. Koti nimevaa.

Saa hizi watoto wako darasani. Hakuna anayevuka. Haydn yuko kwake na chai yake. Mlimani siku za kazi hapiti mtu, kondoo tu. Njia ile naijua hata nikifumba macho —

Nimeandika nini!

Funguo ziko mkononi. Sikumbuki kuzitoa kwenye msumari. Naapa sikumbuki! Nilikuwa nimeshika kalamu, naona nimeshika na funguo.

Saa tano na robo. Nimefungua dirisha, nimeita mpaka mtaa mzima usikie. Maureen! Njoo uchukue funguo hizi. Njoo na hizo ndala zako, sasa hivi, na usinirudishie hata nikikupigia magoti!