Uzi Usio na Fundo

Gazi, Jumanne

Dada yangu Caroline,

Shikamoo. Habari za hapo Ganze, na mvua imewafikia au bado mnaitazamia? Mama anaendeleaje na kifua chake, na anakula? Mimi ni mzima, ila mguu ule ulioangukiwa na jiwe mjengoni Galu bado haujakubali kiatu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiweka sauti ya juu, na mama husikia kila neno. Haya asiyasikie. Barua nampa Boga, mwenzangu wa mjengoni, ambaye anakwenda kwa wakwe zake Bamba.

Wiki tatu sasa sijafanya kazi. Mwenye nyumba ninayopanga, Fauzia, hutengeneza kadi za mkono za kuwauzia wageni wa hoteli: za harusi, za watoto wachanga, za ugua pole. Aliponiona nimekaa tu alinipa mkasi na gundi. Boga alikuja kunijulia hali, akanikuta nabandika shanga, akacheka mpaka akashika ukuta. Aliniuliza mahari yangu ni mbuzi wangapi, aanze kuwatafuta.

Siku moja shanga na utepe viliisha. Fauzia alikuwa akitoka kwenda kuuguza mtu Msambweni, akaniambia niingie chumba cha marehemu mama yake, Bi Biasha, aliyekuwa mshonaji, nichukue mkebe wa vifungo na lesi. Ulikuwa umelala huko miaka minne bila kuguswa. Nilikuta mikebe miwili. Wa pili ulikuwa umeandikwa CHENEZO, na wewe unajua shule yangu iliishia wapi. Nilidhani aliyeandika alitaka kusema mchezo akakosea. Nikaubeba nao.

Ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe za pamba, zimeviringwa mojamoja, na fundo dogo kwenye ncha. Zilinukia kafuri. Nilipozinyosha, nyingi zilikuwa na urefu wa mtu. Nyingine zilikuwa fupi, hazipiti mkono wangu. Hizo fupi nilizifurahia, dada, kwa kuwa hazikuhitaji kukatwa. Nilizipinda maua nikazibandika kwenye kadi za watoto wachanga.

Gundi ilikauka upesi kwenye lesi, lakini kwenye zile nyuzi haikukauka. Mchana kweupe, jua la kuchoma, nikizigusa zina baridi kama mtungi. Paka wa Fauzia, ambaye kila siku hulala juu ya karatasi zangu, siku hiyo hakukanyaga mkeka. Alikaa mlangoni akitazama nafasi tupu iliyo kando yangu, polepole, kutoka mwanzo wa mkeka hadi mwisho, kama anayetazama kitu kirefu kilicholazwa pale.

Kesho yake adhuhuri Fauzia alirudi. Alishika kadi moja, akainusa, akakaa chini. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kwetu hatuna neno hilo. Kisha akanieleza kwamba chenezo ni kipimo cha maiti. Mama yake ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake na watoto wa hapa, na kila mmoja alimpima kwa uzi ili wachimba kaburi wajue urefu. Baada ya hapo uzi ni wa kutupwa, lakini Bi Biasha hakuwa na moyo wa kuutupa. Wanaume wakirudi makaburini aliufunga fundo, akauweka, na kila Ijumaa akawaombea dua wenye nyuzi zao. Fundo maana yake mtu amekwisha kuzikwa.

Tulizibandua zote, kadi baada ya kadi, tukazifukia nyuma ya nyumba. Fauzia akaniuliza kama kuna uliobaki. Nikasema hakuna.

Nilisema uongo, dada. Mmoja nilikuwa nimemtilia mama kwenye kadi yake ya ugua pole. Niliuchagua kwa sababu ndio pekee usiokuwa na fundo, nikauona safi kuliko wenzake. Na hata baada ya kuelezwa, jioni ile niliitia kadi kwenye kifurushi nikakipeleka kwenye basi. Miaka mitatu sijakanyaga nyumbani. Niliona haya mama apate sabuni na sukari bila neno langu. Basi lilipoondoka ndipo nilipokwenda kutafuta karatasi ya kukuandikia.

Tafadhali, kifurushi ukakichukue wewe mwenyewe Kilifi. Ubandue uzi ule, usiunyoshe karibu na mama, wala usiufunge fundo. Ufukie. Ikiwa umechelewa, na mama ameshaushika, usimtishe. Mwambie una mwenyewe. Kabla ya kuubandika niliunyosha mkekani nikalala kando yake, kwa mzaha tu. Ulianzia kisiginoni ukaishia utosini, haukuzidi wala haukupungua. Mwambie ni wangu, asije akadhani ni wake.

Wabusu watoto, umsalimie na mjomba Kaingu, na majirani wanaoniulizia waambie nawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Kahindi