Hendeli Niliibeba Mgongoni

Jumamosi, jioni. Baridi ya kipupwe imeshuka hapa Iyula mpaka inauma masikio, na upepo unagongagonga mabati tangu asubuhi. Kiganja changu cha kulia kimechubuka, kalamu naishika kwa shida. Nimechoka kweli. Lakini sijuti, na neno hilo nitaliandika peke yake ili kesho nisije nikajikana.

Sijuti.

Leo tumeondoa matanga ya mume wangu, Baba Elina. Kwa desturi yetu, siku hii ndiyo vitu vya marehemu hugawiwa ndugu zake. Koti kachukua huyu, baiskeli yule, mikuki imekwenda kwa wazee. Sikuzuia hata kimoja, mimi mwenyewe ndiye niliyetandika mkeka na kuvipanga. Ikabaki Landrova, imesimama uani na turubai lake la kijani, na wote wakawa wanaikodolea macho huku wakijifanya wanaangalia nyama inayochemka.

Shemeji Lazaro, mdogo wake marehemu, alijimilikisha gari hilo tangu siku ya mazishi. Watu bado wana udongo wa kaburi miguuni, yeye anapiga honi! Anataka kulitia kwenye biashara, abebe mchele wa Kamsamba mpaka Tunduma, na huko avushe magunia na abiria kwa Wabemba ng'ambo ya mpaka. Siku zote hizi amekuwa akija kuketi kwenye usukani, kofia kichwani, kiwiko nje, utadhani Bwana Shauri anakwenda kukusanya kodi. Lakini kuliondoa, wapi! Betri imekufa. Gari lile haliwaki mpaka lipigwe hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele, na hendeli haionekani.

Wameitafuta ghalani, chini ya viti, hata kwenye kichanja cha mahindi. Lazaro alipiga magoti kuchungulia uvungu wa kitanda changu, mtu mzima yule, na ndevu zake. Kumbe mimi ninayo mgongoni. Niliivingirisha kwenye kaniki ya msiba, nikaifunga kama mtoto, juu nikajitanda shuka. Nimepika nayo, nimechota maji nayo, hata kanisani nimekwenda nayo. Waliosema mjane ameinama kwa majonzi hawakukosea, ila chuma nacho kilikuwa kizito.

Sasa niandike kwa nini, maana leo mbele za watu sikulisema lote.

Elina alikuwa binti yetu wa pekee. Uchungu ulimshika masika, mvua inamwagika, tukambeba kwa machela kwenda zahanati ya misheni. Wanaume walipokezana mabegani, wanateleza, wanaanguka, wanainuka. Mama mkwe wangu alitembea pembeni njia nzima, ameushika mkono wa mjukuu wake. Tulipofika kwenye daraja la magogo, maji yalikuwa yamelifunika. Tukaiweka machela chini tukangoja yapungue. Hapo ndipo Elina alipotuacha, yeye na mtoto wake tumboni.

Baba Elina hakulia mbele yetu. Msimu wa kahawa ulipokwisha, alikwenda kwa mzungu mmoja wa mashamba aliyekuwa anarudi kwao, akatuletea hiyo Landrova kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Kahawa iliyoinunua tuliichuma wote wawili, bega kwa bega. Tangu hapo, mwanamke yeyote akishikwa uchungu, watu walikuja kugonga kwetu, na mto ukijaa gari linaingia majini linatokea upande wa pili. Kuna watoto vilimani huku wanaoitwa kwa jina la mume wangu.

Alipofariki, machela ikarudi barabarani. Juzi juzi nimeiona ikipita mbele ya mlango wangu, mama analia ndani yake, na gari liko uani kuku wanalitagia. Nililala na sauti ile. Kulipokucha nikaenda misheni kwa Yona, dresa anayetibu pale zahanati, nikamwambia njooni mlichukue, nimewapa.

Basi leo wazee walipotamka, "Haya, sasa gari," nikasimama. Mjane siku hii hukaa chini mpaka aambiwe inuka. Mimi nilisimama.

"Gari nimeshalitoa," nikasema. "Ni la zahanati. Dresa Yona yule pale, amekuja kulichukua awabebee wagonjwa wake."

Lo! Kelele zilizozuka! Lazaro akanijia mbio. "Shemeji, umerukwa na akili? Mali ya ukoo hiyo!"

"Na Elina alikuwa wa ukoo gani?"

Akasema nikilitoa nifungashe vyangu niende kwetu, shamba na kahawa ni vya kaka yake. Wazee wakaanza kuchokonoa meno. Hilo liliniuma kuliko maneno yake. Nikafungua kaniki, nikaitoa hendeli. Lazaro akairukia, akashika upande wa pili, tukavutana mbele ya wageni wote kama watoto wanaogombea muwa. Kiganja kilichubukia hapo.

Ndipo Mama mkwe alipoinuka mkekani. Macho yake hayaoni vizuri tena. Akaja akipapasa, akaweka mkono juu ya kile chuma. Tukaachia wote wawili. Moyoni nikasema basi, imekwisha, Lazaro ni mwanawe wa kumzaa.

"Lazaro," akasema, "wewe hukuwepo darajani. Mimi nilikuwepo. Mkono wa mtoto ulipoa humu, ndani ya mkono wangu." Kisha akauliza, "Huyo dresa amesimama wapi?"

Akampa yeye.

Maskini Yona. Alipopiga hendeli ikamrudi, akaruka nyuma anapuliza vidole, watu wakaangua kicheko. Nikamwambia kaa kwenye usukani, mwanangu. Nikajifunga kaniki kiunoni, nikapiga mwenyewe. Likakohoa. Nikapiga tena kwa hasira zote nilizokuwa nazo, likanguruma, kuku wakatawanyika, na wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele msibani! Nikacheka na kulia pamoja, sikuona haya.

Sasa uani pamebaki doa la oili na mayai mawili. Naona uchungu, siwezi kusema uongo. Lile gari lilikuwa bado linanuka tumbaku yake.

Mama mkwe amekataa kwenda kulala kwa Lazaro. Yumo humu ndani kwangu, anakoroma.

Lazaro ametuma neno kwamba Jumatatu anakuja na wazee kunitoa. Karibu. Atanikuta shambani, kahawa imeiva, hainisubiri. Miche ile niliipanda kwa mikono hii nikiwa na Elina mgongoni, pale pale nilipobeba hendeli. Kwa miguu yangu mimi sitoki hapa. Anayetaka kunitoa, aje na machela.