Mwalimu Aliyetuchotea Maji

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Tawa hatujambo, na ndengu zimechanua baada ya mvua. Mjomba wako anakusalimu. Umeniuliza kwa nini nililia sana tulipomzika Mwalimu Nzioka, ambaye si wa ukoo wetu.

Wewe ulimjua akiwa mzee wa tai na filimbi, asiyekosa mechi hata moja. Mimi alinifundisha kukimbia. Nilipochaguliwa kwenda mashindano Kitui, baba yangu alikataa.

"Huyu akienda kukimbia, nani atachota maji?"

Mwalimu akacheka. "Nitachota mimi, mzee."

Tulidhani ni mzaha. Wiki nzima alishuka mtoni na tai yake, akarudi na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama mama zetu. Watu walimcheka, naye akacheka nao, huku mimi nikifanya mazoezi. Mwishowe baba akakubali niende.

Kitui nilimaliza wa nne. Nilisikia mtu akiliita jina langu kwa nguvu, nikajua ni Mwalimu. Kumbe ni baba, amekuja bila kutuambia, amesimama juu ya benchi, sauti imemkauka.

Nakukumbuka kila siku,
Susu yako, Kalekye