Ulikokuwa Unakwenda Umeme wa Gari Lako

Baba,

Shikamoo. Kwenye barua nyingine ningeandika kwamba sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yako tu. Hii haikubali kuanza hivyo, maana safari hii wasiwasi wote umebaki huku na wewe ndiye umepumzika. Vero amelala. Nimekalia boksi lako la spana, karatasi iko magotini, na kabla mtoto hajaamka nataka nikupe habari za gari. Halafu nina swali moja ambalo sina mwingine wa kumuuliza.

Gari lilikaa. Tangu tulipokuzika hakuna aliyeliwasha. Unaujua ukoo wetu: vitu vya marehemu havitembei mpaka tanga liondolewe. Kofia yako ilibaki msumarini, baiskeli ukutani, na pikapu palepale ulipoiacha, juu ya kale kakilima ka pumba za mpunga ulikokajenga mwenyewe kwa sababu Ifakara yote hii haina mteremko wa kuwashia gari. Mvua ililipiga. Kuku walihamia chini yake. Waliolala msibani walianika mashati kwenye vioo vyake. Nikipita nilikuwa nalitazama kama mfiwa mwenzangu.

Siku ya kuondoa tanga, watu wameshashiba, Baba mdogo akasema, "Haya, tuliwashe tuone urithi." Nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata ile taa nyekundu ndogo ya mbele ya usukani haikuwaka. Uwanja mzima ukacheka: "Bibi Harusi kagoma!" Jina hilo walilipa gari lako zamani, kwa kuwa lilikuwa halitoki uani bila watu kulisindikiza kwa nyuma wakiimba.

Baba mdogo hakucheka. Akasema Mzee Masanja, jirani yetu Msukuma aliyehamia na mifugo yake, yuko tayari kulichukua kwa jozi ya ng'ombe wa kulimia. "Ng'ombe hahitaji betri," akasema, "na mwanamke anayenyonyesha hahitaji injini." Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Nilikuwa nimembeba Vero mgongoni. Nikasema, Baba mdogo, kwa heshima zote, gari hili ndilo linalotoa mpunga wa akina mama mashambani kuleta mashineni. Wazazi wa huko mabondeni wakishikwa na uchungu, hili ndilo linalowafuata. Mume wangu yuko kwenye miwa, anarudi mwisho wa mwezi; mimi na mtoto tunakula kwa hili. Marehemu alinifundisha kuliendesha nanyi mkiona, na leseni alinipeleka mwenyewe kuitafuta. Nipeni wiki moja.

Aliyenijibu ni Mzee Masanja mwenyewe. "Sawa, mwanangu. Iwake asubuhi tatu mfululizo, bila kusukumwa hata kwa kidole. Ikiwaka, ng'ombe wangu nabaki nao."

Nikaanza na betri, ulivyonifundisha. Nikafungua vifuniko vyote sita, nikashangaa. Maji yalikuwa yamejaa mpaka shingoni, tena yana rangi ya chai. Maji ya betri hupungua, hayaongezeki. Nani kaongeza? Baba mdogo akajibu kwa fahari kabisa, "Mimi. Wakati wa msiba. Niliona imekauka, nikaihurumia." Kwa maji gani? "Ya kisima. Kwani kuna mengine?"

Hapo ndipo nilipolielewa beseni lako.

Lile la bluu, ulilokuwa ukiliweka katikati ya uwanja kila mvua ikinyesha, mbali na bati, mbali na miti, ukatukataza tusilisogelee. Mimi na dada tuliamini ni dawa. Dada aliniapia kwamba ukishanawa maji yale, mwizi hawezi kuliona gari. Kumbe yalikuwa maji ya betri tu! Kisima chetu kinaacha kutu kwenye sufuria, bati nalo lina kutu yake, ila mvua ya katikati ya uwanja haijagusa kitu chochote. Ungetuambia. Au labda ulituambia, sisi tukawa tunaisikiliza hadithi ya dada kwa sababu ilikuwa tamu zaidi.

Fundi wa chaji kule Mlabani aliyamwaga, akatia asidi mpya, akaiacha betri kwenye chaji kutwa. Akasema bado ina uhai. Akasema pia, "Mwambie huyo aliyeweka maji haya akanyweshe mbuzi." Ujumbe huo sikuufikisha; Baba mdogo nilimweleza tu kazi ya beseni.

Asubuhi ya kwanza liliwaka kwa mara moja, kuku wakatawanyika. Nilipiga honi mpaka mtaa wote wa Viwanja Sitini ukajua. Nikapeleka magunia ya watu, nikarudi, nikalifunga, nikalala kama mshindi. Asubuhi ya pili likakohoa mara moja, likanyamaza. Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni na mswaki mdomoni. Akatema povu, akaenda zake. Afadhali angenisema.

Nikakaa ndani ya gari, Vero ananyonya, nikafikiri. Betri ni nzima, fundi kasema. Dainamo inachaji, maana taa nyekundu huzimika injini ikiwaka. Sasa usiku, gari limezimwa, ufunguo ninao mimi, umeme unakwenda wapi? Maji yakipungua kwenye mtungi, ama kuna anayekunywa, ama mtungi unavuja.

Ndipo nikakuona, Baba. Nilikuona unavyotoka kila jioni na ile spana namba kumi uliyoivaa shingoni kwa kamba, unafungua boneti, unalegeza waya mweusi wa betri na kuuweka pembeni. Nilidhani unaogopa wezi. Lakini ulianza lini? Nikarudi nyuma. Vero hajazaliwa, hukufungua waya wowote. Vero akiwa wa kulala tu, hapana. Alipoanza kukaa, baada ya mavuno, mvua za vuli zinaanza, ndiyo. Ulianza mwaka jana. Kwa hiyo ulijua kuna kitu.

Sasa sikia. Ningeweza kufanya kama wewe. Kuichaji upya, kulegeza waya mweusi jioni, kuukaza asubuhi, siku tatu zingepita na Mzee Masanja angebaki na ng'ombe wake. Hakuna ambaye angejua. Ila wewe ndiye uliyeniharibu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishikisha tochi nikiwa darasa la tatu na kuniambia, "Gari halina uchawi, mama. Lina sababu ambayo hujaikuta bado." Ningewezaje kulala?

Nikairudisha betri kwa fundi. Ilipokuwa tayari nikatafuta ile balbu yako yenye waya mbili. "Balbu haina undugu," ulikuwa ukisema, "itasema ilichokiona." Nikautoa waya mweusi, nikaweka balbu katikati, upande huu betri, upande ule waya. Kila kitu kimezimwa. Balbu ikawaka. Hafifu, kama kaa lililobaki jivuni, lakini ikawaka. Nilicheka peke yangu mle bonetini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu uondoke.

Nikaanza kutoa kimoja kimoja. Fyuzi ya kwanza, balbu inawaka. Ya pili, inawaka. Waya wa honi, wa dainamo, inawaka tu. Jasho linanitoka, Vero amekaa kwenye tairi la akiba anapiga sufuria. Ukabaki waya mmoja mwekundu, mwembamba, usiopita kwenye fyuzi wala swichi, umefungwa moja kwa moja kwenye betri. Nikautoa. Balbu ikazimika. Nikaurudisha, ikawaka. Nikautoa tena, giza.

Waya ule naujua.

Unaikumbuka siku ile ya masika, mimi niko shambani kwenye dungu la kulindia mpunga, unakuja kunichukua? Saa kumi jioni na tayari giza la mvua. Gari likazima kwenye tope, betri imekufa, watu wanasukuma wanateleza. Mimi niko nyuma chini ya turubai na Bibi Tekla mkunga, na Vero hakutaka kusubiri hospitali. Bibi Tekla anapiga kelele, "Nimulikieni! Nitakata nini mimi, kitovu au kidole?" Na wewe nje kwenye mvua, unakwaruza njiti ya kiberiti kilicholowa. Moja. Nyingine. Nyingine. Nilisikia kila moja. Mwishowe alifanya kwa kupapasa, na Mungu alitusaidia.

Wiki ileile ulinunua betri nyingine, ukavuta waya mwekundu toka mbele mpaka nyuma, ukafunga taa chini ya turubai, na kamba yake ya kuvuta. Nilikuuliza mbona huupitishi kwenye ufunguo. Ukasema, "Ufunguo unaweza kufa. Injini inaweza kufa. Taa hii isife."

Basi nikatandika gunia na kanga, nikaingia chini ya gari kwa mgongo. Maziwa yalinivuja mpaka blauzi ikalowa, Vero analia kwa kuona miguu yangu tu. Nikaufuata waya kwa vidole. Pale unapokatiza kwenye chuma cha chasi ulikuwa umesuguliwa mpaka shaba ikatokeza, urefu wa ukucha, nao umezama kwenye tope lililoganda. Tope likilowa, umeme unapita kidogo kidogo kwenda kwenye chuma. Likikauka, unatulia. Ndiyo maana mvua hizi ziliimaliza betri. Kumbe lilikuwa jambo dogo hivyo.

Nikainuka kutafuta kitu cha kuufungia. Chini ya kiti chako nikakuta kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa vizuri, urefu uleule, kimeviringishwa na kufungwa kwa uzi. Kimeshakusanya vumbi. Nikarudi kutazama ncha ya ule waya kwenye betri. Nyuzi zake zilikuwa zimefunguliwa na kusokotwa mara nyingi, nyingine zimekatika. Nawe uliwahi kusimama hapo na balbu. Uliujua waya, ulipajua mahali, na dawa yake uliikata ukaiweka tayari.

Sasa swali langu. Kwa nini hukuniambia?

Najua mgongo wako ulikuwa umekataa kulala chini. Nilikuona unavyoshika ukuta ukiinuka. Lakini mimi nilikuwepo, Baba. Nadhani uliniona na mtoto mchanga, macho mekundu kwa kutolala, ukasema moyoni, huyu amechoka, nitalegeza waya mwenyewe kila jioni mpaka nguvu zimrudie. Na waya wenyewe hukutaka kuukata, kwa sababu ya njiti zile. Kama ni hivyo, asante. Ila nakulaumu kidogo. Uchovu wangu usingeniua kwa kulala chini ya gari nusu saa. Mwaka mzima umetoka nje na spana, na mgongo huo, mvua na jua, kwa kunihurumia, na mimi nikidhani unaogopa wezi. Ningependa kuwa nimejua.

Nilikwangua tope, nikaufunga waya kwa kipande chako. Kilitosha kabisa. Nikauvuta mbali na chuma nikaufunga na kamba. Nikaweka balbu. Giza tupu. Nikavuta kamba ya nyuma, taa ikawaka.

Jioni nilitoka na spana kwa mazoea yako. Nikasimama mbele ya boneti, nikarudi ndani bila kulegeza kitu. Nilitaka gari liseme lenyewe.

Nikaanza kuhesabu upya: asubuhi ya kwanza likawaka. Ya pili ikanyesha tangu alfajiri, nikaogopa, likawaka. Leo, ya tatu, Baba mdogo na Mzee Masanja walikuja wote kushuhudia. Liliponguruma Baba mdogo akaguna, "Haya. Bibi Harusi kazoea ndoa." Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama beseni la bluu bado lipo, alitoe nje, mawingu yanakuja. Nikampa. Amelitega mwenyewe katikati ya uwanja na kuwafukuza kuku.

Mzee Masanja hakuondoka. Alizunguka nyuma, akainua turubai, akaivuta ile kamba. Akaiangalia taa muda mrefu. "Mke wangu anajifungua mwezi ujao," akasema. "Ng'ombe ninao wengi, lakini hakuna mwenye taa. Nikikuita, utakuja?"

Nikamwambia nitakuja.

Na wewe nakuahidi hivyo hivyo. Ule waya nitaukagua kila masika, hata nikichoka, hata maziwa yakivuja. Betri haitakunywa kisima tena. Vero akifika darasa la tatu atashika tochi, na nitamweleza beseni ni la nini kabla hajatungiwa hadithi. Na mkunga yeyote atakayepanda nyuma mle hatapapasa.

Vero anajigeuza kitandani, naacha hapa. Spana namba kumi nimeitundika kwenye msumari, pembeni ya kofia yako. Kaa huko na mgongo ulionyooka, Baba. Jioni usitoke tena.

Ni mimi binti yako,
Mama Vero