Walipouliza Jirani Yangu ni Nani

Jumapili, 3 Agosti 2025
Nimeongea na Mama, kama kila Jumapili. Bujumbura joto tupu, presha yake inapanda na kushuka, dawa anameza anapokumbuka. Nimemgombeza. Binti yangu Anaïs alikuwa amelala, hakuja kwenye simu. Miaka minne sijawagusa hawa wawili. Na hizi karatasi zangu za ukimbizi – nikienda kwetu, sirudi tena Durban.

Jumatatu, 4 Agosti
Kazi kwa Bi Hadley, hapa hapa mtaani Glenwood. Macho yamemwishia, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea na kumchapia barua za mababu zake wa Amerika. Mabinamu wawili: Abigail wa Ohio na Susan aliyehamia Iowa. Mwaka 1850 na kitu. Barua inatembea wiki kadhaa, na bado Abigail anajaza ukurasa mzima na habari za kuku wake! Nimecheka peke yangu. Binamu yangu Léonce naye yuko Ohio, anapanga vifurushi ghalani. Ana simu nzuri kuliko yangu. Kila sikukuu ananitumia picha ya theluji, basi.

Jumatano, 6 Agosti
Leo nimefika kwenye bahasha yenye ukingo mweusi pande zote. Nimemuuliza Bi Hadley ni ya nini. Anasema zamani msiba ulitangazwa na bahasha, ili mtu akae chini kabla ya kufungua. Susan aliipokea, akaenda kuificha kwenye pipa la unga. Ameandika mwenyewe baadaye: maadamu sijaifungua, kaka yangu bado anatembea. Sikupenda. Nimefunga kompyuta mapema.

Jioni Léonce kaniandikia. Wala si sikukuu. Anauliza: "Dada, siku hizi uko unaishi na nani? Iko mutu wa kanisa karibu yako?" Nilikuwa nakaanga ndizi. Nikamtumia namba ya Estella, jirani wa chumba cha pili. Nikadhani anatafuta mke.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeamka nimeelewa. Mjinga mimi! Kwetu mfiwa hapigiwi simu. Anatafutwa mtu wa karibu naye, huyo anakusanya wengine, wanakuja kukaa, wanahakikisha umekula, ndipo wanasema. Bahasha yetu sisi ni jirani. Na jirani nimewapa mimi, kwa mkono wangu.

Simu ya Mama haipatikani. Nimepiga asubuhi, nimepiga kazini, nimejificha chooni kwa Bi Hadley nikapiga tena. Nimemwandikia Léonce: Mama yuko? Akajibu: "Usiogope, dada, tuko tunaomba." Hilo si jibu. Ni presha, najua ni presha. Naogopa.

Ijumaa, 8 Agosti
Estella anauza mitumba soko la Warwick. Ijumaa haachi meza yake hata mvua inyeshe. Leo kabla ya adhuhuri yuko jikoni kwangu, anapika maharage. Nikamuuliza kuna nini.

"Eish, biashara iko chini leo."

Hakuniangalia. Anasema atalala kwangu, chumba yake iko baridi. Nimemkatalia. Maharage nayo nimekataa, nimemwambia nafunga na kuomba. Uongo mtupu. Lakini nisipokula, hawawezi kusema. Njaa inanikata, sijali. Maadamu hawajasema, Mama yupo. Sasa namwelewa Susan na pipa lake.

Jumamosi, 9 Agosti
Wamekuja. Estella, Pasta Nimbona wa kanisa letu, na wamama wawili wa kwaya. Wamebanana kitandani na kwenye viti vya Estella. Pasta anaongea habari za taxi zinazopita robot, zile taa za barabarani, zikiwa nyekundu. Mama mmoja ameshika sahani ya wali tangu aingie, haiweki chini. Nimewaambia naenda kubadili nguo. Nimejifungia bafuni na daftari hili, nimekaa juu ya ndoo.

Nimeamua. Nitatoka, nitakula, waniambie. Mama ana miaka sabini na moja, amenilea vizuri, nitamlilia kama inavyopaswa. Ila Anaïs atabaki na nani? Nani atamsuka, nani atampeleka shule? Lazima nimtoe kule, kwa njia yoyote ile. Hilo ndilo la kufikiria sasa.

Simu inalia. Jina la Mama!

Ni yeye. Sauti yake mwenyewe, imekauka kidogo, lakini ni yake. Nimelia, nimecheka, nimegonga mlango kwa ndani nikimwita Estella: Mama yuko hai, naongea naye, wali nitakula wote! Huko nje hakuna aliyeshangilia.

Mama hajaniuliza kwa nini nalia. Ameuliza, "Mwanangu, Pasta amefika?"

Bado yuko sikioni. Naandika ili mkono upate kazi. Nimemwambia, Mama, mpe Anaïs simu nimsalimie.

Ananiuliza kama nimekula.