Ng'ombe wa Mahari na Baiskeli ya Ndizi

Kigali, kiangazi 1990

Mama Winifrida mpenzi,

Salamu kutoka Ndera, kilima nilichokiacha nikiwa kijana. Vumbi ni lile lile jekundu.

Jana, kwenye kijia cha kuteremkia Remera, baiskeli iliyosheheni ndizi nusura imparuze ng'ombe wa mahari. Mchungaji akaziba njia.

"Wakwe wakiona mkwaruzo watamkataa! Utamfariji wewe bwana harusi?"

"Njia ni ya watu wote, si zizi la baba yako!" alijibu mwenye baiskeli. "Na breki zangu ni kandambili!"

Wakanigeukia mimi mwenye mvi. Nikamwambia wa baiskeli atangulie kwa miguu, akipiga kengele ili waendesha baiskeli wenzake wapishe. Alinuna hatua kumi, kisha utamu ukamkolea: "Shukeni, nyie! Mahari inapita!"

Nikafuatana nao hadi ukweni; huko wakwe walimzunguka ng'ombe, wakampapasa ubavu kwa ubavu, wakampokea kwa vigelegele. Kibuyu cha kwanza cha pombe ya ndizi alipewa mpiga kengele, bwana harusi akimtazama na kumeza mate.

Mungu akutunzie magoti yako. Wajukuu wabusu kwa niaba yangu, mmoja mmoja.

Mumeo, Baba Winifrida